Seti za roboti kwa wanafunzi: uliza betri kwanza

Kila likizo ya shule ikianza, wazazi wananiandikia malalamiko yaleyale. Mtoto kanunuliwa seti ya roboti, kaiunga mwenyewe, taa zimewaka, nyumba nzima inashangilia. Akiiweka sakafuni, gari linasogea kidogo, linazima, linawaka upya, linasogea, linazima tena. Mtoto anarudi kwenye kompyuta kusaka kosa katika programu aliyoiandika. Anaipitia mstari kwa mstari mpaka usiku, na mwisho anajiambia kwamba mambo haya hayawezi. Hapo ndipo ninapoumia, kwa sababu mara nyingi programu yake haina kosa lolote. Kilichomwangusha ni umeme.

Kwa hiyo sitawahesabia sensa (vihisio vya roboti) wala vipande. Mengi ya magari haya yana mota za njano zenye gia za plastiki, sensa ya HC-SR04 ya kupima umbali, sensa ya kufuata mstari, na bodi ya Arduino Uno au nakala yake, yaani kile kikompyuta kidogo kinachoendesha programu ya mtoto. Vinafanana. Tofauti kubwa iko kwenye betri, na betri ndiyo ambayo wauzaji hawaipigi hata picha.

Fuatilia umeme wenyewe. Seti nyingi zina kasha la betri nne kama zile za rimoti. Zikiwa mpya zinatoa volti 6. Kabla ya kufika kwenye mota, umeme huo unapita kwenye L298N, kile kibao chekundu chenye bati jeusi la kupooza joto, kinachoziamrisha mota. Ni teknolojia ya zamani, na peke yake inameza karibu volti 2, kwa hiyo mota zinaambulia 4. Bodi ya Uno nayo, ukiipa umeme kupitia tundu lake la duara, inataka volti 7 hadi 12. Mota zikianza kuzunguka zinavuta umeme mwingi ghafla, volti zinaporomoka, bodi inazima na kujiwasha upya. Mzazi anayebana matumizi akaweka betri za kuchaji anazidisha tatizo, maana hizo ni volti 1.2 kila moja, jumla 4.8. Mbaya kuliko zote ni ile betri ya mstatili ya volti 9 yenye vifungo viwili juu. Volti inazo, ila haiwezi kutoa umeme wa kutosha kusukuma mota. Imekusudiwa vitu vinavyokula kidogo, kama mita ya fundi. Seti inayokuja na betri hiyo kwa ajili ya mota, iache.

Namba moja kwangu ni mBot2 ya Makeblock, na upendeleo wangu sifichi. Betri yake ya lithiamu ya mAh 2500 (mAh ni kipimo cha umeme ambao betri inaweza kuhifadhi) imo ndani ya roboti na inachajiwa kwa waya wa USB-C. Hakuna kununua betri kila mara, hakuna mtoto kuchomeka waya wa betri kinyume akaunguza bodi. Fremu ni ya alumini. Mota zina enkoda, yaani zinapima mzunguko wake zenyewe, kwa hiyo gari linakwenda moja kwa moja badala ya kuvuta upande. Mtoto anaanza kuandika programu kwa kupanga bloki kwenye skrini, akikua anahamia Python, lugha ya programu ya kuandika kwa maneno, kwenye roboti ileile. Bei inauma, nakubali, lakini hii ndiyo ningemnunulia mwanangu.

Ya pili ni gari la Elegoo, toleo la V4. Lina pakiti yake ya lithiamu ya volti 7.4, na badala ya L298N limewekewa TB6612, inayofanya kazi ileile bila kupoteza umeme ovyo. Plagi zake zinaingia upande mmoja tu. Kwa kijana wa sekondari anayetaka kuijua Arduino kwa undani, hili linamfaa. Kagua boksi kabla ya kulipa, kwani usafirishaji wa betri za lithiamu kwa ndege una masharti makali na pakiti inaweza kuwa imetolewa njiani.

Kwa watoto wa msingi, Maqueen ya DFRobot ni gari dogo zuri linaloendeshwa na micro:bit, bodi ndogo ya kujifunzia programu. Uliza kama micro:bit yenyewe imo, maana mara nyingi inauzwa kando, na chukua V2, iliyotoka 2020, yenye spika na maikrofoni. LEGO SPIKE Prime, seti ya roboti ya LEGO ya shule, ina betri safi sana ila bei yake ni ya bajeti ya shule. Mindstorms, seti za roboti za LEGO za zamani, za mtumba msinunue. LEGO waliacha kuziuza mwisho wa 2022.

Seti za bei ya chini zisizo na jina: ili zisizime hovyo utanunua betri mbili za 18650 (betri za lithiamu za mviringo, kubwa kidogo kuliko za rimoti), kasha lake na TB6612. Ukijumlisha, unafuu wake haupo.

Na hizo 18650 zenyewe ni balaa. Kariakoo zimejaa betri zilizoandikwa mAh 9900. Hakuna 18650 yenye uwezo huo. Zile nzuri kweli zina kama 3500. Ipime mkononi: ya kweli ina uzito wa kama gramu 45, ikiwa nyepesi sana irudishe. Muuzaji anajua anachokuuzia. Ndiye huyohuyo anayeandika "seti kamili" wakati kasha la betri liko tupu, na ukimuuliza bei mbele za watu anajibu "njoo inbox", ili kila mteja apangiwe bei yake kwa kadiri anavyoonekana. Mzazi aliyejinyima miezi kadhaa kwa ajili ya mtoto wake hastahili kufanyiwa hivyo. Bei iandikwe, na kisichomo kwenye boksi kitajwe.

Ukifika dukani, mwambie aiwashe, na usikubali aishike juu matairi yazunguke hewani. Bila uzito hata betri dhaifu inazungusha. Iwekwe chini, iende mbele, irudi nyuma, igeuke, mara kadhaa mfululizo. Taa za bodi zikizimika na kuwaka wakati mota zinaanza, usilipe.