Nilivyolipia urubani kwa hela ya korosho

Tangu nirudi hapa Mtwara naulizwa leseni ya urubani wa biashara ni shilingi ngapi. Wanaouliza ni wazazi zaidi, na wengi hela yao ni ya korosho kama ya kwetu. Nawaandikia hao.

Nilisoma Nairobi, uwanja wa ndege wa Wilson, kwenye chuo ambacho sitakitaja. Walinitajia milioni 3.8 za Kenya kwa saa 200 za kuruka, ambazo ndizo kanuni za ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, zinazitaka. Ukisoma kozi moja ya mfululizo kwenye chuo kilichoidhinishwa zinashuka hadi 150, lakini mimi sikuwa na hela ya mfululizo. Nimemaliza na saa 218 na nimetoa milioni 4.6, kodi ya chumba na chakula havimo. Kwa pesa yetu ya wakati ule ni zaidi ya milioni 100.

Saa moja ya Cessna 172, ndege ndogo ya kujifunzia, nikiwa na mwalimu ilikuwa 20,000 za Kenya, nikiruka peke yangu 17,500. Mzee wangu hakutaka kusikia habari za shilingi za Kenya. Alichukua kalamu, akapiga hesabu ya korosho kwa shilingi 3,000 kwa kilo, akapata saa moja na mwalimu ni kilo 147. Kuanzia hapo kila nikimpigia simu kwamba leo nimeruka, ananiuliza, "Kilo ngapi, mwanangu?" Nilikuwa najua shamba letu la Tandahimba linavyopaliliwa, kwa hiyo sikuwahi kupanda ndege bila kulisoma zoezi la siku hiyo mpaka nilijue kwa moyo.

Na saa haianzi kuhesabiwa ukiwa angani. Mita inaanza injini ikiwaka. Wilson ina ndege ndogo nyingi sana, asubuhi mnapanga foleni ya kuruka, umekaa robo saa chini na unalipa. Nikaanza kuomba zamu ya kwanza kabisa ya alfajiri, na tofauti niliiona kwenye stakabadhi.

Kilichotuumiza kuliko vyote ni kukatika. Hela ya korosho inakuja kwa msimu, minada ikianza Oktoba. Mafunzo yanataka hela kila wiki. Mwezi Machi akaunti ilikauka nikiwa na saa 96, nikarudi nyumbani kusubiri msimu, na katikati hapo mzee ana salfa ya mikorosho ya kununua na vibarua wa kulipa. Niliporudi Wilson ilikuwa Novemba. Mwalimu alinirusha mara moja tu akasema peke yangu siendi. Alikuwa sahihi. Nilitua kwa kudunda, mawasiliano ya redio yananitoka kwa kigugumizi, vitu ambavyo Machi nilikuwa navifanya bila kufikiri. Saa tisa nzima nilirudia nilichokwisha kukilipia. Hizo ni kilo 1,323, na mzee nilimwambia ukweli ulivyo. Cheti cha afya cha daraja la kwanza nacho kinadumu miezi 12 kwa mtu wa umri wangu. Kikawa kimeisha, nikapimwa na kulipa upya.

Chuo chenyewe? Walimu nawapa alama zote. Ni wavumilivu, na hawakuwahi kunisukuma kuruka hali ya hewa ikiwa mbaya. Lawama yangu ni kwenye ile bei waliyonitajia mwanzo: haikuwa na ada za kutua, mitihani, hedseti, wala malipo ya mkaguzi wa jaribio la mwisho. Halafu ndege zilikuwa mbili tu. Moja ikiingia kwenye ukaguzi wa saa 100, wanafunzi wote tunagombea iliyobaki, na kodi ya chumba Nairobi haisubiri.

Siku ambayo sitaisahau ni ile safari ndefu ya peke yangu, ambayo lazima ifike kilomita 540 na utue viwanja viwili tofauti. Nilikwenda Malindi, nikashuka Mombasa, nikarudi. Kutoka Malindi nikawa na bahari upande wa kushoto, maji ya rangi ileile ya Mikindani, na mimi ndiye naendesha. Nililia, na siioni haya.

Mzazi akiniuliza leo, namwambia kwanza ampeleke mtoto kupima afya ya daraja la kwanza kabla ya kulipa hata ada ya fomu, kwa sababu macho, masikio au moyo vikikataa, ndoto inaishia hapo na hela bado iko mfukoni. Aulize bei hiyo ni ya mita ya injini au ya angani, na ina nini ndani. Asilipe yote kwa mkupuo hata akiahidiwa punguzo. Alipie saa kumi, zikiisha alipie nyingine. Na atenge fungu la kubadilisha leseni TCAA, mamlaka yetu ya usafiri wa anga, kama atasomea nje.

Leseni ninayo, lakini bado sina kibali cha kuruka kwa kusoma vyombo tu pale nje hakuonekani, wala cha ndege za injini mbili, na bila hivyo milango mingi ya kazi imefungwa. Msimu huu hatukutuma shilingi yoyote Nairobi. Hela ya minada imekaa benki, tunaongezea ya mwakani, ndipo niende nikamalize vyote viwili kwa safari moja.