Mafunzo ya wasimamizi wa zamu, Raskazone: darasa zuri, ufuatiliaji hakuna

Kozi hii ya siku tatu, inayotolewa kwenye ukumbi mmoja wa Raskazone hapa Tanga, thamani yake yote iko siku ya pili. Siku ya kwanza ni nadharia ya uongozi inayosomwa kutoka kwenye projekta. Ingetosha kuwatumia washiriki kurasa hizo wazisome kabla.

Siku ya pili ni igizo dhima. Kisa kinatoka kiwanda cha mkonge: mlishaji wa korona, mashine ya kuchambua majani ya mkonge, anasukuma majani mengi kwa mpigo, singa (nyuzi) zinatoka na nyama ya kijani. Msimamizi ana dakika tano za kuzungumza naye. Aseme alichokiona, aulize sababu, wakubaliane hatua na siku ya kukagua. Wengi huanza na "wewe kila siku", na hapo mwezeshaji hulisimamisha igizo papo hapo, akataka neno la ushahidi: umeona nini, saa ngapi? Halafu linaanza upya. Marudio hayo ndiyo yanayofundisha, na mwezeshaji anayathamini kweli. Bahati mbaya darasa ni kubwa. Watu 30, dakika tano za igizo na tano za mrejesho kwa kila mmoja, ni saa tano kabla hata ya kurudia, kwa hiyo wengi huishia kuwa watazamaji. Ombeni watu 12 hadi 15, au wawezeshaji wawili.

Kwenye tathmini ndipo kozi inapopwaya. Dodoso la kufunga linauliza habari za ukumbi, chakula na kama mwezeshaji alieleweka. Hiyo ni ngazi ya kwanza tu kati ya nne alizozieleza Donald Kirkpatrick, mtaalamu wa Marekani wa tathmini ya mafunzo, mwaka 1959: mapokeo, kujifunza, mwenendo kazini, matokeo. Mtihani upo, ila unatolewa siku ya mwisho peke yake. Aliyepata 80 huenda alikuja nazo kutoka nyumbani. Dai mtihani uleule asubuhi ya kwanza.

Ngazi mbili za juu mwajiri hazikwepi. Kusanya kumbukumbu za wiki nne kabla ya kozi: saa ambazo mashine zilisimama, singa zilizoshushwa daraja, utoro. Peleka nusu ya wasimamizi kwanza, wengine wawe wa kulinganishia, maana masika yakichelewesha magari ya majani, takwimu zitakuwa mbaya hata kwa msimamizi hodari. Siku ya 30 baada ya kozi meneja akae pembeni asikilize mazungumzo ya kweli, akiwa na karatasi ya vipengele vinne vya igizo: alichokiona, sababu, hatua na siku ya kukagua. Siku ya 90 linganisha makundi.

Na huyo meneja hapewi hata ukurasa mmoja wa yaliyofundishwa. Msimamizi akirudi akamkuta bosi bado anagombeza watu mbele ya zamu nzima, wiki mbili hazipiti atakuwa amerudia yale yale. Kabla ya kusaini, ingizeni kwenye mkataba kikao cha saa mbili cha mameneja, na robo ya malipo ibaki mpaka mwezeshaji afike kiwandani siku ya 30.