Zotero kwenye tasnifu ya Kiswahili: uzoefu wangu na marejeleo ya APA 7

Nimeitumia Zotero, programu ya kompyuta ya kuhifadhi vyanzo na kuandika marejeleo, kupanga marejeleo ya makala na tasnifu za Kiswahili kwa mtindo wa APA (wa Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani) toleo la 7, kwenye Word ya Windows. Inafaa. Ni ya bure, haina matangazo, na ukishaisimika unaweza kupachika marejeleo hata umeme na intaneti vikikatika, mradi kompyuta mpakato ina chaji. Ila haijui kitu ambacho hujaiambia. Marejeleo mengi yanayorudishwa na wasimamizi yakiwa yamezungushiwa wino mwekundu yaliharibika siku chanzo kilipohifadhiwa, wiki nyingi kabla ya kuandikwa sura yenyewe. Kwa hiyo sehemu kubwa ya tathmini hii inahusu kuhifadhi.

Kusimika ni rahisi. Funga Word kwanza, pakua programu kwenye tovuti ya zotero.org, isimike, kisha weka kiunganishi chake kwenye kivinjari unachotumia. Ukifungua Word utaona kichupo kipya cha Zotero juu. Kisipoonekana, nenda kwenye mipangilio ya Zotero, sehemu ya Cite, na ubofye kitufe cha kusimika upya kiongezi cha Word. Inafanya kazi na Word ya kompyuta, LibreOffice na Google Docs. Word ya simu haiwezi kupachika marejeleo haya, kwa hiyo anayeandika tasnifu kwenye simu asitegemee msaada huu.

Sasa kuhifadhi. Unapofungua makala kwenye kivinjari, itazame alama ya kiunganishi kabla ya kuibofya. Ikiwa na sura ya karatasi, imetambua makala ya jarida. Ikiwa kitabu, imetambua kitabu. Ikiwa folda, uko kwenye ukurasa wenye orodha, nayo itakuuliza uchague kipi. Ikionyesha ukurasa wa tovuti wa kawaida, simama hapo. Ukibofya, makala yako itaingia kama tovuti, bila jina la jarida, bila juzuu, bila kurasa, na APA itaiandika hivyo hivyo. Ukiwa umefungua PDF moja kwa moja, Zotero hujaribu kukisia taarifa zake, na isipofaulu unabaki na faili tupu lisilo na rekodi. Rudi kwenye ukurasa wenye ikisiri, ndipo ubofye. Kwa majarida ya Afrika yaliyo kwenye tovuti ya AJOL (African Journals Online), ukurasa wa ikisiri ndio wa kutumia, na hata hapo hakiki juzuu, namba ya toleo na kurasa kwa macho yako.

Chanzo chenye DOI, yaani namba ya kudumu ya kukitambulisha mtandaoni, kina njia ya mkato: bofya alama ya kifimbo juu ya orodha, bandika DOI, na rekodi itajijaza. ISBN, namba ya utambulisho wa kitabu, huingizwa hapohapo. Kwa vitabu vya wachapishaji wa kimataifa njia hii hutoa rekodi safi mara nyingi. Kwa vitabu vya zamani vilivyochapishwa Dar es Salaam au Nairobi, jiandae kuandika kwa mkono, kwa sababu vingi havimo kwenye hifadhidata ambazo Zotero inaziuliza. Chukua taarifa kwenye ukurasa wa haki za mchapishaji, si kwenye jalada: mwaka wa toleo ulilolisoma, toleo la ngapi, mchapishaji. Mahali pa uchapishaji hapatakiwi tena katika APA 7, lakini pajaze tu, maana siku idara ikikutaka uhamie mtindo mwingine utapahitaji.

Majina ndiyo yanayowaumiza watu wetu kuliko kitu kingine. Zotero ina visanduku viwili kwa kila mwandishi, cha jina la ukoo na cha majina ya kwanza, na kiunganishi hukata jina kwa kudhani neno la mwisho ndilo la ukoo. Ofisi ya Taifa ya Takwimu ikikatwa hivyo, kwenye orodha unapata kioja cha namna ya “Takwimu, O. ya T. ya”, nayo imepangwa kwenye herufi T. Dawa ni kitufe kidogo kilicho kando ya jina kwenye rekodi, kinachounganisha visanduku viwili kuwa kimoja. Kibofye, andika jina zima la taasisi, basi. Fanya hivyo kwa kila wizara, kila taasisi ya lugha, kila shirika.

Kwa watu binafsi, amua mapema na ushikilie uamuzi wako. Ngũgĩ wa Thiong'o si “Thiong'o, N. wa”. Thiong'o ni jina la baba, “wa” ni lile neno la kuunganisha tunalolijua, na maktaba humpanga kwenye N. Mweke kwenye kisanduku kimoja. Shaaban Robert utamkuta akirejelewa kama Robert na pia kwa majina yote mawili. Uliza idara yako inataka ipi, kisha rekodi zake zote ziwe sawa.

Usawa huo una sababu ya kiufundi. Wanafunzi hushangaa kuona katikati ya sura “(H. Juma, 2019)” wakati kwingine imeandikwa “(Juma, 2019)”, nao huifuta ile H kwa mkono. Haijakosea. Kwenye maktaba yako ya Zotero mwandishi mmoja ameandikwa “Juma, H.” kwenye rekodi moja na “Juma, Hamisi” kwenye nyingine. APA inaagiza waandishi wawili wenye jina moja la ukoo watofautishwe kwa herufi za kwanza, na Zotero inaamini hao ni watu wawili. Sahihisha rekodi, rudi Word, bofya Refresh, H itaondoka yenyewe. Ukiona 2019a na 2019b ilhali una kazi moja tu, tatizo ni rekodi mbili za chanzo kimoja. Usifute moja. Ziteue zote mbili, bofya kitufe cha mkono wa kulia, chagua kuziunganisha. Ukifuta rekodi ambayo tayari imepachikwa kwenye Word, rejeleo lake linabaki pale likiwa yatima: haliwezi kusahihishwa tena kutoka maktaba, na ukipachika ile rekodi nyingine, kitabu kimoja kitatokea mara mbili kwenye orodha.

Halafu vichwa vya kazi. Vihifadhi vikiwa na herufi kubwa mwanzoni na kwenye majina maalumu tu, kama APA inavyotaka. Kubofya kwa mkono wa kulia kwenye kisanduku cha kichwa kunakupa chaguo la kubadilisha herufi, lakini pitia majina maalumu baadaye. Na kuna kisanduku ambacho karibu kila mtu hukiruka: lugha. Andika “sw” kwa kila chanzo cha Kiswahili. Mitindo kama MLA na Chicago hukuza herufi za vichwa vya Kiingereza, na chanzo kisichotajwa lugha huchukuliwa kuwa cha Kiingereza. Matokeo yake ni “Fasihi Simulizi Ya Kiswahili Na Mabadiliko Yake”, ambayo hakuna Mswahili anayeandika hivyo. Herufi mbili tu zinazuia yote hayo.

Ukiwa ndani ya Word mambo ni mepesi. Bofya kitufe cha kuongeza rejeleo, andika jina la mwandishi, chagua, bonyeza Enter. Kwa nukuu ya moja kwa moja unahitaji ukurasa: kabla ya kubonyeza Enter ya mwisho, bofya juu ya kile kidonge chenye jina na ujaze namba. Kama umeshamtaja mwandishi kwenye sentensi, palepale kuna kisanduku cha kuondoa jina, ili ubaki na “(2019, uk. 45)”. Ila usiandike juu ya rejeleo kwa mkono. Lile ni eneo hai, na marekebisho yako yatapotea Zotero ikiliandika upya.

Umeona hapo juu nimeandika “uk.”. Zotero haikuandikii hivyo. Kwenye orodha ya lugha za marejeleo sikuikuta ya Kiswahili, hivyo tasnifu ya Kiswahili hujaa “et al.”, “&”, “In”, “Eds.” na “n.d.”. Kuzibadilisha moja moja mwishoni ni kazi ya kuvunja moyo, tena kosa moja tu la Refresh linazirudisha zote. Fanya mara moja tu, kwenye faili la mtindo wenyewe. Pakua mtindo wa APA kutoka hazina ya mitindo ya Zotero. Ni faili la maandishi lenye mwisho wa .csl. Lifungue kwa Notepad. Kwanza badilisha kichwa cha mtindo na anwani iliyo kwenye mstari wa id, uipe jina lako, kwa mfano APA Kiswahili. Ukiruka hatua hii, Zotero itakapojisasisha itafunika kazi yako yote kwa APA ya kawaida. Kisha tafuta sehemu ya locale na uongeze maneno yako ndani ya terms, kila neno mstari wake, kwa umbo hili:

<term name="et-al">na wenzake</term>

Vivyo hivyo “and” iwe “na”, “in” iwe “katika” kwa herufi ndogo kwa kuwa mtindo wenyewe huikuza inapohitajika, na “no date” iwe kifupisho ambacho idara yako inakitumia. Maneno ya mhariri na ukurasa yana umoja na wingi, kwa hiyo “Mh.” na “Wah.”, “uk.” na “kur.” huwekwa ndani ya single na multiple. Vifupisho hivi, pamoja na kile cha “no date”, viongezee form="short" kwenye mstari wa term. Mwisho, tafuta kila mahali palipoandikwa and="symbol" uweke and="text". Hapo alama ya & inatoweka na “na” inaingia, ndani ya mabano na kwenye orodha pia. Hifadhi, ongeza faili kwenye mipangilio ya Zotero, na mtindo utaonekana kwenye Word. Ikikataa kulipokea, umesahau kufunga mstari mmoja. Tafuta alama ya < isiyo na mwenzake.

Nafasi ya bure kwenye seva yao ni MB 300. Rekodi zenyewe hazihesabiwi, PDF ndizo zinazohesabiwa, na kitabu kimoja kilichopigwa skani kinaweza kula MB 20. Mimi nashauri kuzima usawazishaji wa mafaili na kuacha rekodi tu zisafiri. PDF zinabaki kwenye kompyuta, na data ya simu inapona. Lakini nakili folda nzima ya Zotero kwenye flashi kila wiki, programu ikiwa imefungwa. Usiihamishie folda hiyo ndani ya Google Drive au Dropbox ili ijisawazishe: hifadhidata yake huharibika ikiguswa na programu mbili kwa wakati mmoja.

Nisisitize jambo kuhusu akili mnemba. Programu hizo za mazungumzo hukuandikia rejeleo lenye umbo kamili la APA, hata DOI, kwa kazi ambayo haipo duniani. Bandika ile DOI kwenye kifimbo cha Zotero. Isipoleta kitu, au ikileta makala ya mada nyingine kabisa, usilitumie mpaka umekishika chanzo chenyewe.

Zotero hupanga orodha ya marejeleo tu; mpangilio wa kurasa nyingine haiugusi. APA inataka pambizo za sentimita 2.54 pande zote, nafasi mbili kati ya mistari, na mstari wa pili wa kila rejeleo uingie ndani sentimita 1.27. Vyuo vingi huongeza pambizo ya kushoto kwa ajili ya kushona jalada, na mwongozo wa chuo ndio unaoshinda. Fonti ya orodha ya marejeleo ibadilishe kwenye mtindo wa Word unaoitwa Bibliography, si kwa kuiteua orodha na kuipaka upya.

Siku ya kuwasilisha, hifadhi nakala ya pili ya tasnifu kwa jina lingine, na kwenye hiyo ya pili bofya Unlink Citations. Marejeleo yanageuka maandishi ya kawaida na hayatacheza kwenye kompyuta ya duka la kuchapishia. Ile ya kwanza usiiguse. Watahini wakirudisha masahihisho, ndiyo utakayoifungua.