Kuwinda midoli ya zamani Ohio: nilikwenda kutafuta Barbie

Mamkubwa alinikabidhi tochi kabla hatujashuka garini. Tochi nyembamba kama kalamu, ile ya manesi ya kumulika koo. "Humo ndani, mwanangu, maneno ya muuzaji mwachie muuzaji. Wewe mulika, kisha geuza shingo ya mdoli usome."

Mamkubwa si dada wa mama yangu. Ni mtu wa Lamu, nesi mstaafu, jirani yangu hapa Columbus, na chumba chake cha wageni hakilali mgeni kwa sababu kitanda kimejaa midoli. Anaikusanya tangu miaka ya tisini. Mimi nimeanza mwaka jana tu, na sababu yangu ni ya kitoto. Nilipokuwa mdogo Tanga, shangazi alirudi kutoka Maskati na Barbie mmoja. Tukakatazwa kumgusa. Alikaa juu ya kabati ndani ya mfuko wa nailoni mpaka akapauka, na sisi huku chini tukaendelea na midoli yetu ya magunzi, nywele zake zile ndevu za muhindi. Sasa najilipia mwenyewe, nikasema namtafuta Barbie wangu wa kumgusa.

Onyesho lenyewe, la vitu vya kuchezea vya zamani, hufanyika mara mbili kwa mwaka katika viwanja vya maonyesho vya kaunti moja, saa moja u nusu kwa gari kutoka kwetu. Ni ukumbi uleule ambao kiangazi huoneshwa ng'ombe na nguruwe wa mashindano, na pua ikikaa sawa utawanusa bado. Kiingilio ni dola 10 kuanzia saa tatu asubuhi. Anayetaka kuingia saa moja, wauzaji wakiwa ndiyo kwanza wanafungua maboksi, analipa dola 30. Tulilipa 10. Mamkubwa anasema vile vya maana hubadilishana mikono wenyewe kwa wenyewe hata kabla ya saa moja, kwa hiyo dola 20 za ziada ni za kununua usingizi ulioukosa.

Niseme mapema: kama unapenda midoli tu, jiandae kutembea. Meza zilikuwa kama mia mbili, na nyingi zimejaa treni, vigari vya chuma, maroboti na wanajeshi wa plastiki, na wababa wenye ndevu wakibishana juu ya rangi ya gurudumu. Midoli ilikuwa safu mbili za mwisho, jirani na vyoo. Njia nyembamba mno; mama mmoja wa kiti cha magurudumu alilazimika kurudi kinyumenyume kila akikutana na mtu. Chakula ni soseji na mkate wa chumvi. Chai hakuna. Na mashine za kadi zilikuwa zinakataa kwa sababu mtandao mle ndani ni wa kubahatisha, halafu mashine ya kutoa pesa mlangoni ikanikata dola nne. Nendeni na pesa taslimu, tena noti ndogondogo.

Meza ya kwanza niliyosimama ndiyo iliyokaribia kunila. Barbie mwenye nywele za dhahabu, gauni safi, dola 80. Muuzaji akamgeuza, akanionesha nambari makalioni: 1966. "Wa mwaka sitini na sita huyu, na hali yake unaiona." Moyo ukanienda mbio. Mkono ulikuwa umeshaingia kwenye pochi Mamkubwa aliponivuta kwa mkono wa koti. "Soma mpaka mwisho. Chini ya nambari pameandikwa nini?" Nikamulika. Malaysia.

Kumbe ile 1966 ni mwaka wa hakimiliki ya muundo wa kiwiliwili, na kiwiliwili hicho Mattel, kampuni inayomtengeneza Barbie, waliendelea kukitumia miaka na miaka. Barbie wa zamani zile, yaani wale walioanza 1959 mpaka mwanzoni mwa miaka ya sabini, walitengenezwa Japani. Ukikuta 1966 na Malaysia, au 1966 na China, huyo ni wa miaka ya themanini au tisini, na maduka ya vitu vya mitumba ya hapa anapatikana kwa dola chache. Sina hakika kama muuzaji alikuwa ananidanganya au naye kadanganyika. Nilirudi kupita pale mchana, na alikuwa anamwambia mtu mwingine maneno yaleyale.

Barbie wa kwanza hasa nilimwona, lakini ndani ya kioo chenye kufuli. Mwenye meza, bwana mpole, alinitolea nimtazame. Kavaa kile kivazi cha kuogelea cha mistari myeusi na myeupe, nyusi zimepinda kama mtu aliyesikia umbea, na ngozi imepauka mpaka kuwa kama pembe ya ndovu, maana plastiki ya mwanzo ile ndivyo inavyozeeka. Akampindua nyayo. Kila unyayo una tundu, na ndani ya tundu kijibomba cha shaba cha kuchomekea kwenye kisimamio. Hilo ndilo linalomtenga yule wa mwanzo kabisa na waliomfuata. Dukani 1959 aliuzwa dola 3. Bei ya sasa sikuuliza. Mamkubwa alinikanyaga kwa onyo.

Masikio nayo yaangalieni. Hereni za zamani zile zina madini ya shaba, na baada ya miaka shaba hutoa kutu ya kijani inayozama kwenye plastiki. Wenyewe wanaita sikio la kijani. Wauzaji wengine hulifunika kwa nywele zilizochanwa vizuri mno. Nywele za mdoli wa miaka sitini zikiwa zimelala upande mmoja tu, mwombe muuzaji ruhusa uzipandishe. Kuna watu wanaopaka ile krimu ya chunusi yenye benzoili peroksaidi na kumwanika mdoli juani siku kadhaa, na rangi hupungua kweli, ila huwezi kuwa na hakika kwamba haitarudi.

Mamkubwa yeye Barbie hawamshughulishi. Ugonjwa wake ni vichwa vya kauri vya Ujerumani, na kumtazama akikagua kimoja ilikuwa sawa na kumtazama kazini. Aliomba ruhusa, akavua wigi taratibu kuanzia kisogoni, akachungulia tundu la utosini, kisha akaingiza tochi ndani ya kichwa. Uso wote ukawaka kwa rangi ya papai. Mashavu, kope zilizochorwa unywele mmoja mmoja, kila kitu kilionekana kwa nyuma. Na pale, kutoka kwenye sikio la kushoto kushuka shingoni, mstari mweusi mwembamba kama uzi wa buibui. Ufa. Kwa macho ya kawaida usingeuona. Shingoni pameandikwa Armand Marseille, jina la mtengenezaji, nambari 390, na neno Germany. Neno hilo nalo lina kazi yake: sheria ya ushuru ya Marekani ilianza 1891 kudai bidhaa za nje zitaje nchi zilikotoka, kwa hiyo kichwa kilichotajwa nchi kwa kawaida ni cha baada ya hapo. Muuzaji alikuwa anataka dola 150. Mamkubwa akamwonesha mstari bila kusema neno. Akashuka hadi 60. Mamkubwa akamshukuru, akamrudishia wigi lake, tukaondoka. "Ufa hauponi," akaniambia. "Nimefunga bendeji miaka thelathini na miwili, najua kinachopona."

Sasa nifike kwenye kilichonifanya niandike.

Kwenye meza ya mama mmoja aliyekuwa anauza zaidi nguo za midoli kuliko midoli, chini ya rundo la magauni, palichomoza mguu mweusi. Nikauvuta. Kichanga cha plastiki, pua pana, midomo imejaa, uso wa mtoto ambaye ungemkuta mgongoni mwa mama yake kituo cha daladala asubuhi. Hakuvaa kitu. Nywele zilikuwa zimekatwa ovyo upande mmoja, mtoto fulani wa zamani alicheza kinyozi, na shavuni kuna alama ya wino. Nikageuza shingo kama nilivyofundishwa, nikamulika. Herufi zilikuwa zimejaa vumbi. Nikalowesha kidole kwa mate nikafuta, jambo ambalo Mamkubwa alinikemea baadaye. 1968. Kisha: SHINDANA TOYS.

Nilisoma mara tatu. Nilidhani macho yananichezea, maana mtu ukikaa ugenini huanza kuona Kiswahili hata kwenye vibao vya barabarani. "Mamkubwa, hebu njoo usome hapa."

Akasogeza miwani. "Shindana. Ahaa! Kumbe hukuwajua hawa?"

Sikuwajua. Alinisimulia tukiwa tumesimama palepale, na usiku nilisoma mwenyewe mpaka saa saba. Agosti 1965 mtaa wa Watts, Los Angeles, uliwaka kwa ghasia, wakafa watu 34. Baada ya hapo Lou Smith na Robert Hall wakaanzisha shirika la kuwapa Weusi wa pale kazi na mafunzo, Operation Bootstrap, na mwaka 1968 likazaa kiwanda cha midoli. Jina wakalichukua kwenye Kiswahili. Zilikuwa zama hizo: Kwanzaa, sikukuu ya Wamarekani Weusi, nayo ilianza Los Angeles, 1966, na maneno yake yote ya Kiswahili. Mdoli wao wa kwanza ndiye huyu niliyemshika, Baby Nancy. Mwaka uleule alikwenda sokoni akauzika sana, na mwaka 2020 akaingizwa kwenye Jumba la Heshima la Vitu vya Kuchezea kule Rochester, New York. Kiwanda chenyewe kilifungwa 1983.

Neno lenyewe lilinikaa kichwani siku nzima. Shindana na nani? Kitenzi hicho kinadai watu wawili. Na kinachochekesha ni kwamba aliyewasaidia mtaji na utaalamu wa kuanzia ni Mattel, wenye Barbie wenyewe. Mshindani wako ndiye aliyekununulia viatu vya kukimbilia.

Ili uone tofauti, rudi kwenye kioo cha yule bwana mpole. Pembeni ya Barbie alikuwapo Francie mweusi wa 1967, Francie yule mdoli wa Mattel anayeitwa binamu wa Barbie. Mdoli mzuri, ghali, anatafutwa sana. Lakini uso ni uleule wa Francie mzungu, kalibu ileile moja, wamebadilisha rangi ya plastiki basi. Nywele zake kwa uzee zimegeuka nyekundu kama zimepakwa hina. Nancy hakupakwa rangi juu ya uso wa mtu mwingine. Wamemchonga yeye.

Muuzaji wa nguo alisema dola 60. Nikamuuliza bei ya mwisho. Nikamwonesha nywele, nikamwonesha wino, nikamweleza kuwa wino ukishaingia kwenye plastiki ya aina hii hautoki kwa sabuni. Akasema 50. Nikamweka chini, nikaanza kushika gauni jingine kama mtu asiye na shida. Akasema 40, na kigauni cha njano juu yake. Nikalipa haraka asije akageuza mawazo. Ilikuwa saa saba mchana, na huo ndio wakati wa kununua: wauzaji wameshachoka na hawataki kupakia tena maboksi.

Nyota tatu na nusu kwa onyesho. Ningetoa nne kama kungekuwa na chai.

Kuna meza moja sijaitaja, ya mzee mmoja karibu na mlango wa nyuma. Asubuhi, kabla sijampata Nancy, nilipita pale nikaona mdoli wa kamba, wale unaovuta kamba mgongoni nao wanasema. Kadi yake iliandikwa Tamu, dola 90. Kwa wakati huo sikuwa na habari ya Shindana, nikacheka tu kwa sauti. Mzee akauliza kulikoni. Nikamwambia hilo ni neno la kwetu, nikamtamkia vizuri, maana yeye miaka yote alikuwa analitamka kama jina la Kijapani. Akaniomba nirudie, nikarudia. Maana yake? Nikampa. Akafurahi kweli, akavuta kamba ili Tamu anisalimie, lakini hakikutoka kitu zaidi ya mkwaruzo. Mkanda wa mpira wa ndani huoza kwa uzee, na midoli mingi ya kamba imeshakuwa bubu.

Baada ya kumpata Nancy ndipo akili ilinijia: Tamu ni dada yake, wa kiwanda kilekile, na wako wengine wanaoitwa Malaika na Zuri. Nikakimbia kurudi kule nyuma. Tamu alikuwa bado yupo. Kadi ilikuwa mpya. Chini ya jina mzee alikuwa ameandika kwa kalamu nzuri, herufi kubwa, kwamba jina hilo ni la Kiswahili, na maana yake, vilevile nilivyomweleza. Na bei ilikuwa dola 115.

Mamkubwa alicheka mpaka akaegemea meza ya treni.

Onyesho linarudi mwezi wa kumi na moja. Nitakwenda, safari hii na dola zangu ndogondogo mfukoni, na nitanunua kwanza, kutafsiri baadaye.