Makumbusho ya Wasukuma, Bujora: anza na msonge, ngoma ziachie mwisho

Kwa mtu anayetaka kuelewa maisha ya mkulima na mfugaji wa Kisukuma, sijaona pengine Kanda ya Ziwa panapofaa kama Bujora. Ni kilomita kama 20 kutoka Mwanza mjini, upande wa barabara ya Musoma. Panda daladala ya Kisesa, ukishuka malizia na bodaboda au miguu. Beba pesa taslimu, na uulize mapema kama kupiga picha na video kunalipiwa peke yake.

Wageni wengi wakifika hukimbilia jumba la ngoma za kitemi. Ni zuri kweli: limejengwa kwa umbo la kiti cha mtemi, na baadhi ya ngoma zake bado hupigwa kwenye sikukuu. Lakini anayeanzia pale huondoka na habari za ikulu tu. Mwombe mwongoza wageni aanze na nyumba.

Kwenye msonge, inua macho kwanza. Paa la nyasi huvuja likiwa bapa. Mteremko ukipungua chini ya nyuzi 45 hivi, maji hutulia ndani ya nyasi badala ya kuteleza, na zinaoza. Moshi wa jikoni nao una kazi yake, maana masizi hufukuza wadudu. Ndiyo sababu nyumba ya kuonyeshwa tu, isiyowashwa moto, huhitaji kuezekwa upya mapema kuliko ile inayokaliwa na watu. Kisha uliza nani alilala wapi. Ndama na mbuzi walikuwa na sehemu yao ndani, kwa kuogopa fisi na baridi, na ukijua hilo utaelewa kwa nini mlango mmoja ulitosha.

Kwenye vibuyu ndipo wengi hupita haraka, na mimi naona wanakosea. Kibuyu cha kusukia maziwa hakijazwi hadi shingoni. Maziwa ya mgando hufika nusu, au theluthi mbili kwa wingi, kwa sababu siagi inahitaji nafasi ya mgando kupigana na hewa na kuta. Ukijaza sana utatikisa mpaka mkono ufe ganzi bila kupata kitu. Jua likiwa kali siagi hutoka laini, nyeupe, imeshika maziwa mengi, na haikai. Ndiyo maana kazi hii hufanywa alfajiri. Kwa ng'ombe wetu wenye nundu, kilo moja ya siagi hudai lita 20 hivi za maziwa. Ukiwa na hesabu hiyo kichwani, chungu cha samli utakiangalia kwa adabu zaidi.

Nyumba ya mhunzi na ile ya mganga zina vifaa vyake, na kwa mhunzi tazama mivukuto. Huwa miwili kwa sababu mmoja ukivuta hewa mwingine unasukuma, moto usipate kupumzika. Chuma kikipoa katikati ya kufuliwa hupasuka kingo.

Kitu ninachokipenda kuliko vyote ni silinda inayozunguka, iliyoandikwa namna mbalimbali za kuhesabu moja hadi kumi. Kila rika lilikuwa na hesabu yake, kama lugha ya siri ya walioingizwa kwenye rika hilo. Kabla hujaizungusha, jifunze ile ya kila siku: imo, ibili, idatu, inne, itano. Bila hiyo huoni tofauti, unaona orodha ya maneno tu.

Jambo la malisho itabidi uliulizie mwenyewe. Uliza ngitili: eneo la nyasi linalofungwa wakati wa mvua na kufunguliwa kiangazi, malisho ya nje yakiisha. Likifunguliwa mapema, Oktoba ng'ombe hawana pa kwenda. Shinyanga walianza kuzifufua kwa nguvu kuanzia mwaka 1986, na miti ikarudi. Ukiona ua wa minyaa popote Usukumani, usivunje tawi kwa udadisi. Utomvu wake mweupe ukiingia jichoni ni hospitali.

Sasa nenda kwenye ngoma. Utawala wa machifu ulifutwa mwaka 1963, kwa hiyo unachokiona ni vifaa vya utawala vilivyobaki bila utawala, na hapo viti na mikuki vinasomeka vizuri zaidi. Kanisa la mviringo, lililojengwa mwaka 1958 na padre David Clement kutoka Quebec, mwanzilishi wa makumbusho, panga kuliona Jumapili baada ya misa.

Kwa wanaolenga Bulabo, sikukuu ya mashindano ya ngoma za Kisukuma: inafuata sikukuu ya Ekaristi, kwa hiyo tarehe hutembea na Pasaka. Hesabu siku 60 kutoka Jumapili ya Pasaka. Mara nyingi ni Juni. Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vyenye ushindani, hucheza kwa wakati mmoja, na kundi lililozungukwa na watu wengi ndilo limeshinda. Ndiyo maana utaona majembe yakirushwa hewani na chatu wakivishwa shingoni: kila upande unakuvuta wewe. Siku hizo usitegemee maelezo marefu ndani ya nyumba, mwongozaji naye atakuwa na shughuli. Njoo siku ya kawaida asubuhi, tenga saa mbili hadi tatu, na kofia usiisahau, maana kutoka nyumba hadi nyumba ni juani.