Siku nne za ultrasaundi Kampala: nilicholipia na nilichorudi nacho Arua

Nililipa shilingi 900,000 za Uganda kutoka mfukoni mwangu kwa kozi ya siku nne ya ultrasaundi mjini Kampala, nikaongeza nauli ya basi na malazi, na ikitangazwa tena kesho nitalipa tena. Nimeanza na jibu kwa sababu najua wenzangu wengi husoma maandishi kama haya wakiwa wamesimama mlangoni, mgonjwa mmoja anavaa shati na mwingine anaingia. Mwenye nafasi aendelee, maana kuna mambo ambayo hayakunifurahisha pia.

Mimi ni daktari wa radiolojia, yaani wa kusoma picha za ndani ya mwili, hapa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, na huu ni mwaka wangu wa nane. Kitengoni nipo peke yangu na maradiografa watatu, yaani wapigaji wa picha hizo. Wagonjwa wetu wanatoka pande zote: wafanyabiashara wanaovuka kutoka Ariwara upande wa Kongo, wakimbizi wa Sudan Kusini wanaoishi Rhino Camp na Imvepi, wavuvi wa Panyimur na Pakwach. Kwa siku moja nazungumza Kilugbara, Kialuri cha kubahatisha, Kiarabu cha Juba na Kiswahili, na mara nyingi Kiswahili ndicho kinachotuokoa sote.

Kila mwaka tunahuisha leseni, na leseni inadai pointi za masomo endelevu. Pointi zenyewe si kazi kuzipata. Ukiwa na bando la intaneti na subira unaweza kuzikusanya ukiwa kitandani. Radiopaedia, tovuti ya radiolojia iliyoanzishwa Australia mwaka 2005, hutoa kozi zake bure kwa watu wa nchi zenye kipato kidogo, na mimi nimezitumia kwa miaka mingi. Nusu ya ninachokijua kuhusu ubongo nimekipata humo, na ninawashukuru kwa dhati. Lakini hakuna video iliyowahi kunishika kifundo cha mkono na kuniambia kwamba nimelaza probu, kile kishikio cha ultrasaundi kinachopitishwa juu ya ngozi, kupita kiasi, sogeza kidole chako hapa, sasa ona. Hicho ndicho nilichokifuata Kampala.

Kuna wanaoota mikutano mikubwa, na siwalaumu. Kila mwisho wa Novemba madaktari wa radiolojia kutoka duniani kote hukusanyika Chicago kwa mkutano wa RSNA, chama cha radiolojia cha Amerika Kaskazini, na wale wa Ulaya wana mkutano wao, ECR, Vienna. Mwaka mmoja nilifuatilia mihadhara ya Vienna kupitia kompyuta, nikajifunza mengi kuhusu MRI ya tezi dume. Nilipofunga kompyuta nikarudi kwenye chumba chenye mashine moja ya ultrasaundi na mashine ya eksrei, na mgonjwa wa kwanza alikuwa mvuvi mwenye tumbo lililovimba. Huyo hakuwa na mhadhara Vienna.

Sasa kozi yenyewe. Waandaaji siwataji, kwa kuwa malalamiko yangu nimewaandikia wenyewe na wamenijibu vizuri. Tulikuwa washiriki thelathini na sita: Waganda wengi, Watanzania wanne, Wakongomani watatu kutoka Bunia, na dada mmoja kutoka Juba. Asubuhi ilikuwa mihadhara, mchana vitendo, na jioni, kwa waliotaka kubaki, kujadili visa.

Mihadhara ya asubuhi ilikuwa ya wastani, na sababu moja ni ukumbi. Madirisha yalikuwa makubwa, mapazia mepesi ya rangi ya maziwa, na jua la Kampala la saa tatu asubuhi linaingia lote. Mtu akionyesha maandishi kwa projekta katika mwanga huo, unasoma. Akionyesha eksrei ya kifua na kukuambia utazame kivuli hafifu nyuma ya moyo, unaona kitambaa cheupe. Kazi yetu nzima ni kutofautisha kijivu na kijivu. Ningependa kila mwandaaji wa kozi ya radiolojia ajue kwamba pazia zito lina thamani kuliko mkoba wenye nembo na kalamu tunazogawiwa mlangoni. Tangu siku ya pili niliomba picha zitumwe kwenye simu zetu, nikawa nazitazama mkononi huku mhadhiri akiongea, na hali ikawa nafuu.

Mchana wa siku ya pili ndio ulionirudishia shilingi 900,000 zangu.

Somo lilikuwa kichocho cha ini. Mwalimu wetu alikuwa mama mmoja mtu mzima, mtaalamu wa ultrasaundi aliyefanya kazi miaka mingi katika vijiji vya ziwani, na sote tulimwita Mama. Alikuwa amewaomba wavuvi watano kutoka Ziwa Albert waje, kwa hiari yao, wakijua ni kwa ajili ya mafunzo, na kila mmoja akapewa majibu yake na barua ya matibabu kabla ya kuondoka. Mmoja wao alizungumza Kiswahili tu na sisi. Kabla hatujagusa mashine Mama akasema, "Mwanangu, kwanza msalimie. Mwambie unatafuta nini." Kisha akatufundisha kumwongoza kwa maneno matatu: vuta hewa, ibane, achia. Kwa kweli nimeona madaktari wakipiga picha za ini dakika kumi nzima bila kumwambia mgonjwa apumue vipi, halafu wanalalamika mbavu zinawazuia.

Mayai ya minyoo ya kichocho cha tumbo husafirishwa na damu mpaka kwenye matawi madogo ya vena ya porta, mshipa unaopeleka damu ya matumbo kwenye ini, ndani ya ini lenyewe, yanakwama humo, na mwili unayazungushia kovu. Kovu hilo linafuata matawi ya mshipa. Ndiyo maana kwenye ultrasaundi unaona kuta za mishipa nene na nyeupe, zikionekana kwa urefu zinafanana na mrija wa kiko, na zikionekana kwa kukatwa kwa upana zinakuwa pete. Utaratibu wa kuzisoma uliwekwa kwenye warsha ya Niamey, Niger, mwaka 1996, na una mifano yenye herufi. A ni ini la kawaida. B ni vinukta kama nyota za angani. C ni pete na mirija. D ni kovu linalozunguka mahali vena inapogawanyika. E ni mabaka, na F ni mistari inayotawanyika kuelekea ukingoni kama makucha ya ndege. Haya yote nilikuwa nimeyasoma. Sikuwahi kuyaona yakipangwa mbele yangu kwa watu watano waliolala kwenye vitanda vitano.

Mama alinisimamisha kwa mgonjwa wa tatu. Nilikuwa nimeshasema kwa sauti kwamba kuta za vena ni nene. Akanyoosha mkono, akapunguza geini, yaani kiwango cha mashine cha kukuza mwangwi na kung'arisha picha, na kuta zikarudi za kawaida. "Ulikuwa umewasha taa nyingi mno," akasema, "kila kitu kikawa cheupe." Akanihamisha kwa mgonjwa wa nne, geini ikiwa palepale chini, na huko mirija ilibaki nyeupe mpaka ukingoni mwa ini. Tukapima upana wa vena ya porta: milimita 16, wakati kwa mtu mzima tunaanza kuwa na wasiwasi inapozidi 13. Wengu ulikuwa umeteremka karibu na kitovu. Lakini uso wa ini ulikuwa laini, na nyama ya katikati ya mirija ilikuwa safi.

Hapo nikanyamaza. Mirija hii nilikwisha kuiona Arua. Nilikuwa nikiandika "sirosisi", yaani ini lililojaa makovu, kwenye ripoti, na daktari wa wodi akiliona neno hilo anamuuliza mgonjwa kuhusu pombe. Ini la sirosisi huwa limeharibika lote, uso wake una vinundu. Ini la kichocho kwa muda mrefu bado linafanya kazi yake, na kinachomuua mtu ni shinikizo la damu iliyozuiwa, inayotafuta njia kwenye mishipa ya umio mpaka siku moja anatapika damu. Ni maradhi mawili na njia mbili za kumsaidia mtu. Nilimweleza Mama nilichokuwa nikiandika, mbele ya wenzangu. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Majina yao unayo?"

Ninayo. Huwa naandika daftari.

Jioni za visa sikutegemea kama zingekuwa na uzito, na zikawa sehemu ya pili kwa thamani. Mihadhara ilikuwa kwa Kiingereza, lakini jioni, tukikaa nje na sahani za rolex, chapati iliyoviringishwa na mayai, na chai ya maziwa, Kiswahili kilichukua nafasi yake chenyewe, na mabishano yakawa ya kweli zaidi. Dada wa Mwanza alileta wagonjwa wa kichocho cha Ziwa Victoria, tukalinganisha. Kaka mmoja wa Moroto alileta kifuko cha maji kwenye ini la mama mfugaji wa Karamoja, na tukabishana saa nzima kama ni kifuko cha kawaida au ni cha tegu wa mbwa. Yeye alitaka kujua kama angeweza kukitoboa. Tukamrudisha kwenye ukuta wa kifuko: kifuko cha tegu kikiwa kichanga huwa na mistari miwili ukingoni, na ukiingiza sindano bila maandalizi mgonjwa anaweza kupata mzio wa kutisha. Tulipokuza picha, mistari miwili ilikuwepo. Kaka yule alitoka pembeni kupiga simu hospitalini kwake usiku uleule.

Kipindi cha kifua kikuu kwa wenye VVU kilikuwa kizuri pia. Tulifundishwa kutafuta maji yanayozunguka moyo na mapafu, tezi za limfu tumboni zinazozidi sentimita moja na nusu, na vidoa vyeusi vidogo kwenye wengu, ambavyo huvioni vizuri mpaka ubadilishe probu na kutumia ile ya linia, yenye uso bapa, ya kuona vitu vidogo vya karibu na ngozi. Hilo la kubadilisha probu nilikuwa nalisahau kila mara. Kuhusu programu za kompyuta zinazosoma eksrei za kifua, ambazo WHO ilizikubali mwaka 2021 kwa kuchuja kifua kikuu kwa watu wa miaka 15 na zaidi, mhadhiri alieleza vizuri kwamba alama ya kukatia, ile ambayo mtu akiizidi anapelekwa kupimwa zaidi, lazima ipangwe kwa watu wa mahali husika, kisha muda ukaisha.

Muda uliisha kwa sababu kabla yake muuzaji wa mashine alipewa dakika arobaini. Sina ugomvi na wauzaji, tunawahitaji. Ila dakika hizo zilichukuliwa kutoka kwenye somo la kinga ya mionzi, likabanwa likawa la dakika ishirini baada ya chakula cha mchana. Somo hilo lina mambo ya kuokoa macho yetu. Tangu mwaka 2011 kiwango cha juu cha mionzi kinachopendekezwa kwa lenzi ya jicho la mfanyakazi kimeshushwa kutoka milisiverti (kipimo cha mionzi) 150 kwa mwaka hadi 20, wastani wa miaka mitano, na nina hakika wengi mle ukumbini walikuwa wanalisikia kwa mara ya kwanza. Mwalimu aliwahi kusema jambo moja tu la vitendo, kwamba aproni ya madini ya risasi, ile tunayovaa kujikinga na mionzi, itundikwe isikunjwe, na ipigwe eksrei yenyewe mara kwa mara ili nyufa zionekane, na akakatizwa. Nilimfuata nje nikamalizia maswali yangu kwenye ngazi.

Malalamiko yangu mengine mawili ni mafupi. Siku ya kwanza tulikuwa tisa kwa mashine moja, na mwenye haya hakugusa kitu. Siku ya pili walikodi mashine mbili zaidi tukawa sita, ambao bado ni wengi. Wanne ndio kipimo changu. Na cheti kilichukua wiki saba kufika, wakati kuna wenzetu waliokuwa wanakisubiri kwa ajili ya leseni.

Ukitaka kwenda kozi ya namna hii, piga simu kabla ya kulipa na uulize watu wangapi kwa mashine moja, na kama kutakuwa na wagonjwa au ni washiriki kupimana wao kwa wao. Ini la daktari mwenzako mwenye afya ni zuri kwa siku ya kwanza tu. Uliza pia ni saa ngapi za vitendo kwa siku. Sisi tulikuwa na tatu na nusu. Gharama zangu zote, pamoja na basi kwenda na kurudi na chumba cha shilingi 60,000 kwa usiku upande wa Namirembe, zilikaribia milioni moja na laki tatu. Kwa daktari wa mikoani ni fedha nyingi. Nilianza kuziweka mwezi wa Januari.

Nilirudi na basi la usiku. Tulivuka Karuma gizani, na alfajiri tukawa juu ya daraja la Pakwach, mitumbwi ya wavuvi ikiwa tayari majini. Jumatatu nilifungua daftari nikatafuta neno "sirosisi" kwa miaka miwili nyuma, nikachagua wale waliotoka kando ya mto na ziwa. Walikuwa kumi na mmoja. Tukawapigia simu, mimi na radiografa wetu mkubwa, na saba wakaja.

Watano kati ya saba wana mirija ile ya kichocho. Mmoja ni baba wa Panyimur ambaye aliacha kwenda kanisani kwa aibu, kwa sababu watu waliambiwa ini lake limeharibiwa na pombe, na yeye hanywi. Nimemwandikia ripoti mpya, nikamwomba radhi kwa ile ya kwanza, na amepewa prazikwanteli, dawa ya kichocho, pamoja na rufaa ya kuangaliwa umio. Aliniomba nakala ya ripoti. Alisema anataka mchungaji aisome.

Mwaka ujao nitamtuma radiografa wetu kwenye kozi hiyohiyo, na ada yake nimeanza kuiweka.