Tipu ya CNMG 120408 daraja la P25: inapofaa na inapokufa mapema

Tipu hii ni kipande kidogo cha kabaidi kinachofungwa kwenye holda ya lethi kukereza chuma; CNMG 120408 ni namba ya umbo na vipimo vyake, na herufi P ni daraja la kukatia feleji. Kabaidi inayozungumziwa hapa si yale mawe yanayotiwa maji yakatoa gesi ya kuchomelea. Hii ni kabaidi ya tangsteni iliyofungwa kwa kobalti, na ndani yake asilimia chache za kabaidi ya tantali. Hicho kidogo cha tantali, pamoja na titani, ndicho kinachoitofautisha P25 na tipu rahisi za K, yaani za chuma cha kusubu, na ndicho muuzaji anachokisifia kwa sababu isiyo sahihi. Atakwambia "hii ina tantali, haivunjiki." Huvunjika. Tantali haikuwekwa kwa ajili hiyo.

Kabaidi tupu ya tantali huyeyuka kati ya digrii 3,700 na 3,900 za Selsiasi, na hapo ndipo sifa zake zinapopatia umaarufu. Lakini kuioka mpaka ishikamane kunahitaji zaidi ya digrii 2,000, mara nyingi pamoja na kuikandamiza. Moto ukizidi, chembe hunenepa haraka na kumeza vitundu vya hewa, vikabaki vimefungwa ndani ambako havitoki tena. Hata ikiokwa vizuri, uwezo wake wa kuzuia ufa usisambae ni kama 3 hadi 5 MPa√m. Kabaidi ya tangsteni yenye kobalti hufika 9 au 10 bila shida, na ile ya chembe nene yenye kobalti nyingi hupita 15. Tipu ya tantali tupu ingekatika pua siku ya kwanza ikikutana na shafti yenye mfereji wa ufunguo.

P25 ikikatwa, ikang'arishwa na kutazamwa kwa hadubini, huonekana chembe zenye kona kali za kabaidi ya tangsteni, chembe za mviringo za mchanganyiko wa tantali, niobi na titani, na kobalti iliyojipenyeza katikati kama udongo kati ya mawe ya ukuta. Niobi haikosekani kwa sababu huchimbwa pamoja na tantali katika madini ya koltani, ile ya Rubaya nchini Kongo na ya Rwanda. Zile chembe za mviringo hubaki ngumu makali yanapopata moto, na hukataa kuliwa na ganda la chuma linaloteleza juu ya uso wa tipu. Titani hufanya kazi hiyo pia, tena vizuri, ila ikizidi huifanya tipu kuwa kavu mno, yaani rahisi kuvunjika. Tantali haileti udhaifu huo kwa kiasi hicho, na husaidia kuzuia nyufa za joto.

Tipu nyingi za P25 za siku hizi zina jambo jingine lisiloonekana kwa macho. Katika maikroni 20 hivi za juu, chini tu ya koti (utando mgumu uliopakwa juu ya tipu), zile chembe za mviringo zimeondolewa wakati wa kuoka na kobalti imeongezeka. Ufa ukianza kwenye koti unakutana na sehemu laini kidogo na kusimama. Nionavyo mimi, hapo ndipo bei ya kiwanda kizuri inapojilipa kuliko kwenye koti lenyewe. Koti la rangi ya dhahabu halithibitishi chochote. Linapakwa hata juu ya kekee za feleji.

Kipimo cha haraka dukani ni mizani. CNMG 120408 halisi ina gramu 9 hivi. Ya feleji iliyopakwa rangi ingekuwa na 5. Sumaku itakudanganya, maana kobalti huvutwa nayo. Kasoro inayoumiza zaidi, kaboni kupungua katika uokaji, haipimiki dukani. Upungufu wa sehemu ya kumi ya asilimia tu unatosha kuzaa chembe za aina nyingine, kavu kama kioo, na tipu hupasuka bila dalili. Ukinunua boksi la 10 na mbili zikapasuka katika kazi nyepesi kwenye mashine iliyokaza, rudisha boksi zima.

Sasa matumizi. Kwa feleji ya kawaida anza na kasi ya mita 200 kwa dakika, mwendo wa milimita 0.25 hadi 0.35 kwa mzunguko, na kina cha milimita 1.5 hadi 3. Chini ya 0.15 ganda halikatiki, linatoka nyuzi ndefu zinazojiviringisha kwenye kazi. Usizidishe 0.4, yaani nusu ya nusukipenyo cha mviringo wa pua, ambacho ni milimita 0.8. Angalia pia mota: kasi 200, kina 3 na mwendo 0.3 vinakula takriban kilowati 6 kwenye makali. Lethi ya kilowati 4 ipewe kina cha 1.5.

Hapa ndipo karakana nyingi zinapoteza pesa. Lethi kuukuu yenye mizunguko 1,000 ikikereza shafti ya milimita 30 inafika mita 94 tu kwa dakika. Kwa kasi hiyo chuma hujigandisha kwenye makali, kisha hubanduka na kipande cha koti. Fundi akiona hivyo hulaumu tipu. Kwa kazi nyembamba kama hizo chukua kisu chenye ncha ya P30 iliyochomelewa, au cha feleji ya kasi (HSS) tu. Ukikinoa cha P30, tumia jiwe la kijani na usikichovye kwenye maji kikiwa cha moto, kitapasuka. Vaa barakoa: vumbi la kabaidi yenye kobalti linaharibu mapafu.

Maji ya kupozea yamwagwe mfululizo au yasimwagwe kabisa. Yakija kwa matone, hasa kwenye kazi inayokata na kuachia, utaona nyufa ndogo zilizosimama wima kwenye makali, zimepangana kama meno ya kitana. Tantali inazichelewesha tu. Shimo juu ya uso wa tipu maana yake kasi imezidi, punguza. Pua iliyomeguka vipande ni dalili ya mtikisiko: safisha kiti cha tipu, badilisha kibao cha chini kama kimebonyea, na usitoe holda nje zaidi ya mara moja na nusu ya kimo chake.

Bei igawanye kwa nne, kwa kuwa kila tipu ina makali manne, mawili kila upande. Kwa chuma cha kusubu nunua K. Kwa stenlesi, P25 inafanya kazi lakini inachoka mapema. M25 ndiyo yake.